Ventilateri ipimwe mambo mawili: hewa na kelele

Leo nataka kusema juu ya mashine ambayo kila mtu wa chini ya ardhi anaijua: ventilateri. Wengine wanaiita rafiki, kwani inaleta hewa. Wengine wanaiita adui, kwani inapiga kelele mchana na usiku. Mimi nasema wote wana haki, na ndiyo sababu ninaandika.

Asubuhi moja vijana watatu wa posti ya usiku walifika kwenye dispansere. Kichwa kilikuwa kinawauma wote, mmoja alikuwa anatapika, mwingine anakohoa. Niliwauliza maswali ya kawaida: baruti ilipigwa saa ngapi, mlirudi kwenye galeri baada ya muda gani, na ventilateri ilikuwa inazunguka? Kwa swali la tatu wakaangaliana wakanyamaza. Mwishoni mkubwa wao akasema: «Munganga, tuliizima. Tulikuwa tunagonga paa la mwamba kwa chuma, na katika kelele ile hatusikii kama jiwe linalia zima au linalia tupu. Kisha tukaanza kazi, tukasahau kuiwasha.»

Tuliwapa oksijeni, tukawalaza hadi kesho yake ili tuangalie mapafu yao, na kwa bahati wote watatu walirudi kwao wazima. Wengine waliposikia habari hiyo walisema: hao ni wakosefu, waadhibiwe. Ni kweli walivunja sheria. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuzima ventilateri bila amri ya shefu wa usalama. Lakini mimi nilifikiri neno lingine. Vijana hao hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa wanafanya kazi ambayo sisi wenyewe tunawafundisha: gonga mwamba, sikiliza mwamba. Walikuwa kati ya vifo viwili, kifo cha jiwe na kifo cha moshi, wakachagua kukimbia kile walichokiona kwa macho.

Maoni yangu ni haya: mfanyakazi asiwekwe mahali ambapo lazima achague kati ya mapafu yake na masikio yake. Na ili asichague, ventilateri lazima ipimwe mambo mawili pamoja, siku moja, mahali pamoja: hewa inayoleta na kelele inayopiga.

DAFTARI MBILI ZISIZOKUTANA

Baada ya siku ile nilikwenda kutafuta karatasi. Katika ofisi ya usalama niliona daftari ya hewa. Ventilateri ya galeri ile ilikuwa imepimwa, na tarakimu yake ilikuwa nzuri. Nikarudi kwenye dispansere, nikafungua daftari yetu ya masikio. Kati ya vijana wale watatu, wawili walikuwa wameanza kupoteza sauti za juu. Daftari ya kwanza inajua hewa, haijui kelele. Daftari ya pili inajua masikio, haijui mashine. Zimekaa miaka katika nyumba mbili na hazijakutana hata siku moja. Kosa hili silitupi juu ya watu wa usalama peke yao. Ni letu pia sisi watu wa afya.

Juma lile lile fundi alikuja kufungua ordinatere ya ofisi yetu, kwani ilikuwa inalia kama nyuki kisha inajizima yenyewe. Ndani alikuta vumbi jekundu limejaa katika ventilateri ndogo inayopoza mashine ile. Kifaa chenyewe hakizidi upana wa kiganja cha mkono. Alipopiga brashi mabawa yake, mambo mawili yalitokea pamoja: upepo uliongezeka na mlio ukapungua. Nikamuuliza namna wanavyochagua ventilateri ya namna hiyo wakitaka kununua mpya. Akanionyesha orodha ya vifaa. Mbele ya kila ventilateri kuna tarakimu mbili: kiasi cha hewa inayosukuma, na desibeli za kelele yake. Wanaoijaribu kwa uangalifu huitia kwenye chumba kimya, huweka kipima-kelele kwenye umbali unaojulikana, kisha huipima kwa mwendo wa polepole, wa katikati na wa mbio. Hakuna anayekubali ventilateri yenye upepo mwingi ikiwa inapiga kelele, wala yenye kimya ikiwa haipozi.

Nilirudi nyumbani na wazo hilo. Ventilateri ya kupoza sanduku la mezani inapimwa mambo mawili, na kelele yake mara nyingi ni desibeli 20 au 30 tu, kama mtu anayenong'ona. Ventilateri inayopeleka pumzi kwa baba wa watoto sita, sisi tunaipima jambo moja. Je, sanduku lina thamani kuliko baba?

KAZI YA HEWA

Tusidharau kazi ya ventilateri. Chini ya ardhi hewa haiji yenyewe. Watu wa migodi walijua neno hili tangu zamani. Mwaka 1556 kilitoka kitabu cha Georgius Agricola, mtu wa Ujerumani, juu ya kazi za migodi, na ndani yake kuna picha za mashine za mbao zenye mabawa na za mivukuto, zinazozungushwa kwa mkono, kwa maji au kwa farasi ili kupeleka hewa chini. Kwa hiyo ventilateri ni mzee kuliko umeme.

Hewa ina kazi nne. Ya kwanza ni kupumua. Ya pili ni kupunguza joto. Hewa inaposhuka katika shimo inabanwa na kupata moto, karibu digrii moja kwa kila mita 100 ikiwa ni kavu, na mwamba wenyewe unazidi kuwa na moto kadiri unavyoshuka. Ya tatu ni kuondoa vumbi, hasa lile la mwamba wenye silika, linaloharibu mapafu polepole bila maumivu ya kwanza. Ya nne, na hii ndiyo ya haraka, ni kuondoa moshi wa baruti na wa magari.

Katika moshi wa baruti mna adui wawili. Mmoja ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, miguu inalegea, halafu analala na haamki. Adui wa pili ni oksidi za nitrojeni, zile nyekundu-nyekundu kama udongo. Hizi ni za hila. Unaweza kuzivuta, ukakohoa kidogo, ukapanda juu, ukala chakula chako, na baada ya saa nyingi mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana tuliwalaza vijana wale hata walipotuambia wamepona. Anayevuta moshi wa baruti aje kwetu siku ile ile, asingoje kesho.

Moshi wa injini za mazutu nao si wa kuchezea. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo katika mji wa Lyon huko Ufaransa, liliuweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Basi anayezima ventilateri ili apate kimya anafungua mlango kwa adui hawa wote.

KAZI YA MASIKIO

Sasa tusikie upande wa pili. Ndani ya kila sikio mna chembe zenye nywele ndogo sana, karibu 15.000, zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali inazilaza kama upepo unavyolaza majani. Kama kelele inakwisha upesi, zinainuka. Kama inarudi kila siku, mwaka baada ya mwaka, zinakufa. Ngozi ikikatwa hurudi, mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hizi hazioti tena. Sina dawa yake katika kabati yangu, na daktari mkubwa hana katika yake.

Sisi watu wa shaba tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Mwaka 1700 mganga Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Ndani yake aliandika juu ya mafundi wa Venice waliopiga shaba kwa nyundo kutwa nzima, akaonyesha kwamba kelele ile iliharibu masikio yao hata wakawa viziwi uzeeni. Zaidi ya miaka 300 imepita. Shaba bado inachukua masikio ya watu wake.

Uziwi wa kelele hauji kama mlango unaofungwa. Unaanza kwa sauti za juu, hasa karibu na ile tunayoiita hertzi 4.000. Mtu bado anasikia ngoma na gari, kwa hiyo anasema: «Nasikia vizuri.» Lakini s, sh, f na t zinaanza kumpotea. Mwambie «saba», anasikia «shaba». Nyumbani ni kichekesho. Chini, mwenzako akikuita «toka!» na wewe ukasikia «choka», si kichekesho tena.

Wazee wananiambia: «Munganga, mimi nimezoea kelele.» Samahani baba, masikio hayazoei. Kama mwaka wa kwanza ventilateri ilikuumiza na mwaka wa kumi haikuumizi, si ventilateri iliyonyamaza. Ni sikio lililoondoka.

HESABU YA DESIBELI

Kelele inapimwa kwa desibeli. Jina hilo limetoka kwa Alexander Graham Bell, mtu wa simu, ambaye mama yake alikuwa hasikii vizuri na mke wake alikuwa kiziwi. Hesabu yake si kama hesabu ya sokoni. Mashine mbili zenye desibeli 95 kila moja hazifanyi 190, zinafanya 98. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, nguvu ya kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo shefu akisema, «ni desibeli 3 tu», msicheke pamoja naye.

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani ilitoa mwaka 1998 kipimo ambacho ni chepesi kukumbuka, kwa mtu asiye na vizibo vya masikio:

— desibeli 85: saa 8
— desibeli 88: saa 4
— desibeli 91: saa 2
— desibeli 94: saa 1
— desibeli 97: dakika 30
— desibeli 100: dakika 15.

Watu wawili wanaozungumza kwa utulivu, mita moja kati yao, ni karibu 60. Ventilateri kubwa ya galeri isiyo na kizuia-kelele inaweza kupita 100 kwa aliye karibu nayo. Mashine ya kutoboa mwamba inayotumia hewa ya kubanwa hupita 110. Katika uwanja wazi, ukienda mara mbili ya umbali, kelele inapungua karibu desibeli 6. Katika galeri kuta zinairudisha, kwa hiyo inapungua kidogo kuliko hapo.

Asiye na kipima-kelele atumie mkono wake. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama lazima upige kelele ili akusikie, mahali pale pana shaka pamepita 85.

KELELE SI BEI YA HEWA

Hapa ndipo napenda mnisikilize sana, kwani ndipo tunapokosea. Wengi wanaamini kwamba kelele ni bei ya hewa: ukitaka hewa nyingi, uvumilie kelele nyingi. Nimesikia hata mashefu wakisema, «Acha ilie, ndiyo nguvu yake.» Ventilateri ndogo ya ordinatere yetu ilinionyesha kinyume. Ilikuwa inalia sana kwa sababu ilikuwa mgonjwa, na ilikuwa inapuliza kidogo kwa sababu ile ile.

Ventilateri ya galeri ni vile vile. Mabawa yakijaa matope yanapoteza usawa, yanatetemeka, yanalia. Rulema zinazobeba ekseli zikikosa grisi, zinalia. Bomba la hewa likikunjwa au likizibwa, hewa inajigonga ndani yake na mlio unabadilika. Bomba likipasuka, linapiga filimbi na hewa inamwagika njiani. Katika mambo haya yote kelele imeongezeka na hewa imepungua. Kwa hiyo mlio mpya ni kama kikohozi cha mashine. Mtu akikohoa hatumwambii «ndiyo nguvu yako», tunampima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme bomba lina upana wa sentimita 60. Tundu lake ni karibu mita 0,28 za mraba. Karibu na ventilateri, kipima-upepo kinaonyesha mita 15 kwa sekunde: ni mita za ujazo 4,2 za hewa kila sekunde. Daftari inaandika «nzuri», na mpimaji anapanda juu. Lakini nenda hadi mwisho wa bomba, mahali watu walipo. Kwa sababu ya matundu na makunjo, upepo ni mita 6 tu: hewa ni mita za ujazo 1,7. Zaidi ya nusu imepotea njiani. Kanuni ya Ontario, jimbo la migodi huko Kanada, inataka mita za ujazo 0,06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini ya mazutu. Gari la kilowati 100 peke yake linataka mita 6. Hewa yetu haitoshi hata theluthi yake.

Sasa watu wanalia hewa haitoshi. Tunafanya nini? Mara nyingi tunaongeza mwendo wa mashine, au tunafunga nyingine kando yake. Hesabu ya ventilateri inasema hivi: hewa inafuata mwendo, lakini umeme unaotumika unafuata mwendo mara tatu juu yake wenyewe. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa ni mara mbili, umeme ni mara nane, na kelele inapanda karibu desibeli 15. Kinyume chake, ukiweza kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano, hewa inabaki sehemu nne za tano, umeme unashuka karibu nusu, na kelele inashuka karibu desibeli 5.

Mnaona shauri lilivyo? Kushona bomba, kunyoosha makunjo na kulisogeza karibu na uso wa mwamba kunarudisha hewa iliyopotea. Hewa ikirudi, mashine haina haja ya kukimbia. Isipokimbia, inanyamaza na inakula umeme kidogo. Ninajua ofisi ya hesabu itaniuliza bei ya vizuia-kelele, vile vinavyofungwa mbele na nyuma ya ventilateri. Ninawaomba waanze kwa sindano na uzi wa kushona bomba, kisha waangalie karatasi ya umeme. Fedha itakayobaki itasaidia kununua vizuia-kelele.

NAMNA YA KUPIMA

Mimi si enjinia, na sitaki kuwafundisha watu wa upepo kazi yao. Ninasema tu namna ambayo ningependa tupime pamoja, wao na sisi.

Kwanza, twende siku moja. Mtu wa usalama na kipima-upepo chake, mtu wa dispansere na kipima-kelele chake, na mtu mmoja aliyechaguliwa na kikosi cha galeri ile. Huyu wa tatu ni wa lazima, kwani ndiye anayejua kwamba mashine ilianza kulia tangu Jumanne.

Pili, tupime mahali watu wanapofanya kazi. Hewa ipimwe karibu na ventilateri na tena mwishoni mwa bomba, ili tujue kiasi kilichopotea. Upepo si sawa katikati ya bomba na kandoni, kwa hiyo tupime mahali pengi kisha tuchukue wastani. Kelele ipimwe kwenye kimo cha sikio la mtu, chini ya ventilateri, na mahali pa kugonga paa.

Tatu, tujue kelele ni ya nani. Ipimwe wakati mashine za kutoboa zimenyamaza na ventilateri inazunguka, kisha wakati zote zinafanya kazi. Kama tunataka kupima galeri bila ventilateri, izimwe kwa amri ya shefu wa usalama tu, dakika chache, wakati hakuna moshi wala gari, na isiachwe hadi imewashwa tena na hewa imepimwa.

Nne, tarakimu mbili ziandikwe kwenye ubao mmoja, kwenye mlango wa galeri, na tarehe yake: hewa mwishoni mwa bomba, desibeli kwenye sikio. Kila mtu asome anapoingia. Ubao usiosomwa na kikosi ni kama dawa iliyofungwa katika kabati.

Tano, iwepo saa ya kimya iliyopangwa. Kabla ya kugonga paa, moshi wa baruti ukiwa umeondoka na hewa imepimwa, shefu aweze kupunguza mwendo wa ventilateri kwa muda mfupi, bila kuizima, ili watu wausikie mwamba. Kisha yeye mwenyewe airudishe na aandike dakika. Vijana wangu watatu waliiba kimya hicho kwa sababu hakuna aliyewapa. Kama wangepewa kwa utaratibu, nisingewaona siku ile.

Watu wengine wataniambia: gawa vizibo vya masikio, neno limekwisha. Vizibo ni vizuri, na kila mtu avae katika kelele. Lakini kizibo kilichovaliwa nusu-nusu, kwa vidole vya matope, kinazuia kidogo sana. Tena kizibo hakichagui: kinaziba ventilateri pamoja na sauti ya mwamba na ya mwenzako. Kizibo ni mwamvuli. Kama paa linavuja, mwamvuli unasaidia usiku ule, lakini kesho yake panda utengeneze paa. Wakuu wa kazi wa dunia nzima waliona hivyo walipokutana Geneva mwaka 1977: waliandika mapatano namba 148 juu ya hewa chafu, kelele na mtetemo, vyote vitatu katika karatasi moja. Walitambua kwamba mwili wa mfanyakazi ni mmoja.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Mama, ninyi mnaweza kumpima mume kabla yangu. Je, anaongeza sauti ya redio hadi jirani anagonga ukuta? Anamwambia mtoto «sema wazi!» ingawa mtoto anasema wazi? Anasikia sauti nzito ya kaka yake lakini hasikii sauti nyembamba ya binti yake? Anasema usiku kuna panzi wanaolia masikioni, wakati nje ni kimya? Hizi ni dalili. Usigombane naye ukifikiri anakudharau. Mlete apimwe. Kipimo hakiumi, na afadhali aje asubuhi kabla ya kazi, baada ya usiku wa kupumzika, kwani sikio lililotoka katika kelele linadanganya.

Na kama mtu wako amerudi kutoka posti akiwa na kichwa kizito, kikohozi kipya au pumzi fupi, usimpe maziwa na kumwambia alale. Maziwa hayaondoi moshi katika mapafu. Mlete dispansere, hata usiku wa manane.

TUSHIKE MANENO HAYA

1. Usizime ventilateri. Ikikusumbua, mwite shefu, na yeye aandike.
2. Ventilateri ikibadili mlio, toa habari siku ile ile. Huenda hewa imepungua.
3. Ukiona bomba limepasuka au limekunjwa, usilipite. Tundu moja dogo linachukua pumzi ya mtu.
4. Usikate bomba ili upepo ukupige wewe njiani. Unamnyima mwenzako aliye mbele.
5. Vaa vizibo vizuri, kwa mikono safi.
6. Njoo upimwe masikio, hata kama unafikiri unasikia.

Kwa upande wangu, nimekwisha kupeleka daftari yetu ya masikio kwa watu wa usalama, bila majina ya wagonjwa, galeri kwa galeri, tukaiweka kando ya daftari ya hewa. Katika saa moja tuliona tuliyokuwa hatuyaoni kwa miaka: galeri tatu ambazo tarakimu ya hewa ni nzuri karibu na mashine, lakini masikio ya watu wake yanaharibika. Hizo ndizo tutakazopima kwanza, na ninaomba wakuu wetu watupatie siku moja ya kazi kwa kila galeri. Hakuna ventilateri mpya ninayodai leo. Ninadai tarakimu mbili kwenye ubao mmoja.

Mtu anaingia chini na mapafu mawili na masikio mawili. Jioni apande navyo vyote vinne.